Mashine ya kujaza tepu kwenye kaseti za VHS: kiungo cha lida kinaachia, wenye uzoefu nisaidieni

rili_ya_kushoto:

Wakuu heshima kwenu. Naombeni msaada maana hii kitu nimekaa nayo wiki ya tatu sasa na usingizi umekata. Nina mashine ya zamani ya kujaza tepu kwenye kaseti za VHS, zile zilizokuwa zinatumika viwandani, inatumia umeme na hewa ya kompresa, ina pampu ya kuvuta hewa, bloki mbili za kuungia na wembe katikati, na kwa juu linakaa lile gurudumu kubwa la tepu lisilo na sahani pembeni, wenyewe wanaliita pankeki. Niliipata kwa mtu aliyekuwa anasafisha stoo, kitabu chake hakipo na kibao cha jina kilishang'oka siku nyingi. Nimepata pia pankeki saba bado ziko kwenye nailoni, na maboksi ya kaseti tupu zile vii-ziro, yaani ndani hamna tepu ya sumaku hata kidogo, ni lida tu, yaani ule utepe mtupu wa plastiki wa mwanzo na mwisho unaopitisha mwanga, imetoka rili ya kushoto mpaka ya kulia.

Mashine inawaka na inafanya kazi yote. Inafungua mlango wa kaseti, inavuta lida nje, inaikata, inaunga na tepu, inazungusha, inakata tena, inaunga upande wa pili, inatema. Kwa macho unaweza kuapa kaseti imetoka kiwandani jana. Shida ni kwamba kwenye kumi, tatu au nne kiungo kinaachia nikirewaindi mpaka mwisho. Nyingine haziachii ila nikiziweka siku mbili tatu halafu nikazicheza, pale mwanzo nasikia zinanata, mzunguko mmoja umeshikana na wa chini yake halafu unabanduka kwa mshtuko. Na moja imeniumiza zaidi, nilikuwa nasogeza mbele kwa kasi, ilipofika mwisho deki haikuwahi kusimama, lida ikachomoka kwenye rili. Nilipofungua nikakuta lida ya upande ule imebaki fupi kama kidole.

Nimebadilisha tepu ya kuungia mara mbili nikidhani gundi imekufa, hamna kitu. Nikaongeza presha ya hewa kwenye kile kinyundo kinachogandamiza kiungo, naona ndo kama nimezidisha kunata. Hivi nianzie wapi? Nataka kuitumia kweli hii mashine, kuna vijana bado wanapiga na kamera za VHS kwa kuupenda ule mwonekano wake na wanataka kaseti fupi fupi, na mimi roho inaniuma kuona pankeki nzima nzima zinaozea stoo.

fundi_deki:

Mkuu rudisha hiyo presha kwanza kama ilivyokuwa, halafu ndo tuongee. Umetaja magonjwa matatu na kila moja lina sababu yake, usitafute dawa moja.

Tuanze na kunata. Kiungo kizuri cha tepu ni ncha kwa ncha, lida na tepu zinakutana bila kupandana na bila kuacha mwanya, halafu kipande cha tepu ya kuungia kinalala juu ya zote mbili kwa upande wa mgongo. Ukiacha mwanya hata mwembamba kama unywele, pale kwenye mwanya gundi iko uchi, na mzunguko unaofuata utakaolala juu yake utaing'ang'ania. Ukigandamiza kwa nguvu sana gundi inajikamua pembeni na matokeo ni yale yale. Ndo maana umeongeza presha na kunata kumeongezeka. Angalia pia upana, tepu ya VHS ni milimita 12.7, tepu yako ya kuungia ikizidi upana huo hata kidogo au ikikaa upande upande, ule ukingo unaotokeza utakamata uchafu na kukwaruza kila kitu ndani ya kaseti. Bora iwe pungufu kidogo kuliko kuzidi.

Chukua lenzi ya kukuza, ile ya mafundi saa inatosha, angalia viungo kumi mfululizo uandike, mwanya, kupandana, au sawa. Ukiona mwanya uko sehemu ile ile kila mara basi bloki zako hazikutani sawasawa, kuna skrubu ya kusimamisha bloki inatakiwa kusogezwa. Ukiona mara mwanya mara kupandana, yaani haina mpangilio, basi tepu inateleza kwenye bloki kabla ya kuungwa, na hapo mshukiwa wangu ni uvutaji wa hewa. Zile bloki zina vitundu vidogo vinavyoshikilia tepu kwa kunyonya. Miaka yote hiyo vumbi la tepu limeingia humo na kuganda. Fanya hivi, washa pampu tu, weka kipande cha tepu kwenye bloki uivute taratibu kwa kidole, ikija bila ubishi umeshapata mgonjwa.

Na wembe je, umebadilisha? Hujauzungumzia kabisa. Wembe butu haukati, unararua na kukunja ncha, na ncha iliyokunjika hailali chini hata uigandamize na jiwe.

mzee_wa_pankeki:

Nimeona kichwa cha habari hii nikasimama maana hizi mashine nimezilisha kaseti miaka mingi ya ujana wangu, kiwanda kilishafungwa lakini mikono bado inakumbuka. Vijana wengi wanadhani kaseti ilikuwa inajazwa tepu kabla ya kufungwa skrubu, hapana. Mwanzoni watu walifanya hivyo, unaviringisha tepu kwenye rili mbili ukiwa mezani halafu unazipanga ndani ya ganda na kufunga, kazi ya mikono mingi na vidole vichafu. Kilicholeta mapinduzi ni hii ya rili_ya_kushoto, kaseti inakuja imeshafungwa na lida ndani, mashine inavuta lida nje kupitia mlango, inakata katikati, bloki moja inasogea pembeni na kuleta tepu mpya mbele ya lida, inaunga, halafu rili inaanza kuzunguka tepu inaingia mita kadhaa kwa sekunde, ikifika urefu uliopangwa inapunguza mwendo inasimama, inakata, bloki inarudi, inaunga na lida ya pili, inamalizia kuvuta. Mtu mmoja anasimamia mashine kadhaa, kazi yake ni kubadilisha pankeki na kuondoa zilizokataliwa.

Watu waliyagombania haya mambo kweli kweli. King Instrument ya Massachusetts kule Marekani ndiyo ilikuwa na hataza nyingi, yaani haki za uvumbuzi, za kujaza na kuunga, ikapelekana mahakamani na Otari ya Japani, rufaa ikaamuliwa 1985, halafu ikaja kesi na Tapematic ya Italia, hiyo rufaa yake ni ya 1995. Ile ya 1995 mpaka leo wanasheria wanaisoma kwa sababu mahakama ilisema mwenye hataza anaweza kudai faida aliyoipoteza hata kama mashine anayouza yeye haitumii ile hataza yenyewe iliyoibwa. Yote hiyo kwa sababu ya namna ya kukata na kuunga tepu. Mimi naona walistahili kugombana, anayewahi kwa sekunde chache kwenye kila kaseti, ukizidisha kwa makaseti ya siku nzima, ndiye anayepata oda.

Sasa kuhusu lida fupi kama kidole. Ganda la VHS lina breki za rili ndani, na kwa chini kuna tundu, deki ikiingiza pini yake breki zinaachia. Mashine yako nayo ina pini ya namna hiyo. Kama pini imechakaa au imepinda na haifungui breki zote sawasawa, rili moja inakuwa nyepesi na nyingine nzito, basi mashine ikivuta lida inatoka nyingi upande mmoja na kidogo upande wa pili, wembe unakata pale pale siku zote, na wewe unabaki na lida ndefu huku na kidole kule. Pima. Vuta lida kwa mkono kaseti ikiwa imekaa kwenye mashine uone kama rili zote mbili zinaitikia.

Na lida siyo pambo wakuu, niseme hili kwa msisitizo. Katikati ya kaseti ya VHS kwa chini kuna tundu, deki inaingiza taa humo, zamani balbu ndogo baadaye ikawa ya infraredi, mwanga unatoka kulia na kushoto kupitia vijia ndani ya ganda na pembeni kuna sensa mbili. Tepu ya sumaku ni nyeusi inaziba mwanga. Lida inapitisha. Sensa ikiona mwanga tu deki inajua tumefika mwisho, breki. Lida ikiwa kidole, kwa kasi ile ya kusogeza mbele hata sensa ikiona, mota haina nafasi ya kusimama, na kile kibanio cha plastiki kwenye rili hakijatengenezwa kuhimili mvuto wa namna hiyo.

rili_ya_kushoto:

Mzee wangu shikamoo, umenifungua macho. Hiyo ya breki za rili sikuwa nimeiwaza hata kidogo, nilikuwa nahangaika na wembe peke yake. Fundi_deki, wembe sijabadilisha, niliuangalia nikaona unang'aa nikauacha. Kesho naanza na vitundu vya bloki. Swali dogo, nasafishia nini?

fundi_deki:

Spiriti safi na kijiti cha pamba kwa juu ya bloki, vitundu vyenyewe tumia waya mwembamba laini wa shaba, usiingize sindano ya chuma utavipanua. Halafu fungua bomba la pampu upande wa nyuma, ukisukuma uchafu bila kufungua unaupeleka ndani zaidi. Usipake mafuta ya aina yoyote karibu na njia ya tepu. Wembe kung'aa siyo kukata mkuu, badilisha, na ukishabadilisha angalia usimame wima kabisa, ukiinama kidogo ncha ya lida na ncha ya tepu zinakuwa na pembe tofauti, utarekebisha bloki mpaka uchoke na mwanya hauishi.

binti_wa_mkanda:

Samahani naingilia, mimi sina mashine kubwa ila swali langu liko karibu. Mkanda wa harusi ya wazazi wangu umekatika katikati kabisa, deki iliula. Nina nakala hiyo hiyo moja tu. Kama mashine zinaunga lida na tepu bila shida, kwa nini kila ninayemuuliza ananiambia nisiunge katikati? Kiungo si kiungo tu?

fundi_deki:

Dada usiunge halafu ukacheza, tafadhali sana. Nakueleza kwa nini.

Kwenye redio kaseti hedi, yaani kile kichwa kinachosoma na kurekodi, imetulia, tepu inapita mbele yake, kiungo kikipita unasikia tu kidogo. Kwenye video hedi ndiyo inayokimbia. Ziko kwenye ngoma yenye kipenyo cha milimita 62 inayozunguka mara 1,500 kwa dakika kwa mfumo wa televisheni wa PAL, na kama 1,800 kwa mfumo wa NTSC wa kina Marekani, na tepu inavutwa nje ya kaseti na kuzungushiwa ile ngoma zaidi ya nusu duara. Zile hedi zimetokeza nje ya ngoma kidogo sana, kipande chenyewe ni chembamba na kinavunjika kirahisi. Kila hedi inapita juu ya tepu kwa mshazari mara 25 kwa sekunde. Sasa tepu yenyewe inatembea milimita 23.39 tu kwa sekunde, kwa hiyo hako kakiungo kako hakapiti mara moja, kanakaa pale kwenye ngoma na hedi zinakapiga tena na tena mpaka kapite. Kama kuna ncha imeinuka au gundi imechungulia, unaweza kupoteza hedi, na hedi iliyovunjika inakwaruza tepu inayofuata.

Kiungo cha lida kiko salama kwa sababu hakitakiwi kufika huko. Mwisho wa tepu lida inapotoka tu kwenye rili inakutana na sensa ya upande ule ule, kabla haijafika kwenye ngoma deki imeshasimama.

mzee_wa_pankeki:

Binti yangu usilie, mkanda wa wazazi wako unaokolewa vizuri tu. Usiunge pale palipokatika. Tengeneza kaseti mbili. Tafuta kaseti nyingine ya VHS isiyo na thamani, ya aina inayofunguliwa kwa skrubu. Vaa glavu za pamba, kaa mahali pasipo na vumbi. Skrubu ni tano, kuna moja mara nyingi inajificha chini ya kibandiko. Fungua ikiwa imelala kama inavyoingia kwenye deki, inua kifuniko taratibu, piga picha kwa simu kila hatua maana tepu inapita nyuma ya vigingi na vijiti vidogo na ukisahau njia utakesha.

Kipande cha kwanza cha harusi kiko kwenye rili moja na cha pili kiko kwenye rili nyingine. Kata pale palipokunjamana na kutafunwa, ni hasara ya sekunde chache, kubali tu. Halafu kwenye ile kaseti ya akiba toa tepu yake ubaki na rili na lida zake, ukate lida ukiacha na urefu wake wote, uunge lida hiyo na mwisho wa kipande cha kwanza, na lida nyingine na mwanzo wa kipande cha pili. Kila kipande kikae kwenye ganda lake na lida pande zote mbili. Kwa hiyo viungo vyote viko kwenye lida, hakuna hata kimoja kinachosugua ngoma. Unacheza kaseti ya kwanza, unahamisha kwenye kompyuta, unacheza ya pili, unahamisha, halafu unaziunganisha humo kwenye programu ambako hakuna gundi. Kazi ya kuunga fanya na tepu maalumu ya kuungia ya nusu inchi, siyo selotepu ya ofisini, ile gundi yake inatiririka kwa joto na kuhamia kwenye mizunguko ya jirani, nimeona mikanda imekuwa tofali moja.

Jambo lingine, usijaribu deki ganda likiwa wazi chini ya taa ya chumba. Sensa zitaona mwanga wa taa zikadhani ni lida na deki itagoma, utafikiri umeharibu.

binti_wa_mkanda:

Asante sana babu, hakuna aliyewahi kunieleza hivi. Upande upi ndio wa mgongo? Naogopa kubandika gundi kwenye picha za mama.

sauti_na_picha:

Hilo swali ni zuri na hata kwa mwenye mashine lingekuwa la kwanza kuulizwa. Chukua kaseti yoyote nzima ya VHS, bonyeza kile kitufe cha pembeni ufungue mlango, upande wa tepu unaokutazama wewe, yaani unaotazama nje, ndio wa sumaku, huo usiguse. Mgongo ni ule unaotazama ndani ya kaseti. Gundi yote inakaa mgongoni. rili_ya_kushoto na wewe hakiki, pankeki ikiwekwa kinyume kwenye mhimili wake mashine itajaza vizuri tu bila kulalamika, ila unapata kaseti ambayo sumaku iko ndani, deki itarekodi hewa, na gundi ya kiungo itakuwa upande wa sumaku.

Halafu kuna jambo halijasemwa hapa, la urefu. Mkuu unasema unataka kaseti fupi, kaunta ya mashine inahesabu mita siyo dakika kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Kwa PAL mwendo wa kawaida ni milimita 23.39 kwa sekunde, dakika 30 ni sekunde 1,800, jibu ni mita 42.1. Kwa NTSC tepu inakwenda milimita 33.35 kwa sekunde, dakika zile zile 30 zinakula mita 60. Ndo maana ile kaseti ya E-180 ya PAL, ya dakika 180, ina mita kama 258 na T-120 ya NTSC, ya dakika 120, ina mita kama 247, zinakaribiana urefu lakini dakika zimepishana saa nzima. Ongeza mita tatu hivi za akiba, kwa PAL ni dakika mbili na kitu, hakuna mteja anayelalamika kuzidishiwa.

Na usiiamini kaunta kabla ya kuipima. Inahesabu mizunguko ya roli ambayo tepu inapita juu yake. Roli ikichakaa kipenyo kinapungua, kila mzunguko unapitisha tepu pungufu lakini kaunta inahesabu ule ule. Ikipungua asilimia moja tu, kwenye mita 258 umekosa mita mbili na nusu, hiyo ni karibu dakika mbili, yaani mtu anarekodi na mwisho wa hafla unakatika. Jaza kaseti moja, icheze mwanzo mpaka mwisho na saa mkononi, linganisha.

Kitu kingine, kwa kaseti fupi tafuta vii-ziro zenye rili nene ya katikati. Kaseti nyingi fupi za kiwandani zilitengenezwa na kiini kinene makusudi.

fundi_deki:

Hapo kwenye pankeki kinyume umenikumbusha, kuna mtu aliniletea kaseti hamsini "mbovu" za namna hiyo, tepu ilikuwa nzuri kabisa, imeingia kisogo mbele.

Mzee, mimi nina swali la kwangu sasa. Kwenye filamu zilizorekodiwa tayari, kurekodi kulifanyika kabla ya kujaza au baada?

mzee_wa_pankeki:

Yote mawili mwanangu. Njia ya kawaida ilikuwa kujaza kaseti kwanza halafu zinaingia kwenye mabanda ya deki, safu kwa safu, mamia yake, zote zinapokea picha kutoka chanzo kimoja na kurekodi kwa mwendo wa kawaida. Filamu ya saa mbili inachukua saa mbili. Uzuri wake ukitaka nakala chache ni rahisi, ubaya wake ni hedi za deki mia kuchakaa zote kwa pamoja na mafundi hawalali.

Njia ya pili ndo ilikuwa inanishangaza mpaka leo. Unarekodi tepu mama yenye picha iliyogeuzwa kama kwenye kioo, halafu unaibananisha uso kwa uso na tepu tupu inayotoka kwenye pankeki, na usumaku unahamia wote kwa mkupuo, kwa mwendo mkali kuliko deki yoyote. Sony walikuwa na mashine yao inaitwa Sprinter, inatumia uga wa sumaku kuhamisha, tepu mama ni ngumu kufutika na nakala ni laini kwa hiyo ule uga unaisaidia nakala kupokea bila kuifuta mama. Na ile ya joto iliyotoka kwa Otari na DuPont, walitumia tepu ya kromiamu dayoksaidi, ile ukiipasha inakaribia nyuzi 120 hivi za Selsiasi inapoteza usumaku wake, basi leza inaipasha, inagusana na mama huku inapoa, na inapopoa inashika picha ya mama.

Sasa kwa njia hiyo pankeki inatoka na filamu zimeshaandikwa moja baada ya nyingine kwenye tepu ile ile ndefu. Ndipo inapokuja kwenye mashine ya kujaza. Hapo kaunta ya mita haitoshi, ukikosea kidogo mwisho wa filamu unaingia kwenye kaseti ya mwenzake na kosa linakua kila kaseti. Kwa hiyo kati ya filamu na filamu wanarekodi mlio maalumu, mashine ina hedi yake ndogo inayosikiliza, ikisikia mlio inapunguza mwendo, inatafuta katikati ya nafasi ile, inakata. rili_ya_kushoto chungulia kwenye njia ya tepu kabla ya bloki, ukikuta kihedi kidogo kimekaa hapo basi mashine yako ilikuwa ya kazi hiyo. Kisafishe tu ukiache, hukihitaji kwa tepu tupu, ila usikitoe, tepu imezoea kupita juu yake na ukikitoa mvutano utabadilika.

rili_ya_kushoto:

Wakuu nimerudi, siku tano zimepita, nimefanya yote.

Vitundu vya bloki ya kulia, kati ya kumi na viwili vilivyokuwa wazi ni vitatu. Uchafu uliotoka ulikuwa kama masizi, mweusi, umeshikana. Wembe nimebadilisha, ule wa zamani nimeuangalia na lenzi kumbe umepigwa pengo dogo pembeni, na ndo palipokuwa panaacha ncha imekunjika upande mmoja. Presha nimerudisha. Baada ya hapo viungo ishirini mfululizo, kumi na tisa sawa na mmoja una mwanya kidogo, nao ulikuwa wa kaseti ambayo ganda lake limepinda.

Pini ya breki mzee ulipiga penyewe. Ilikuwa imelika kwa juu upande mmoja, rili ya kushoto ilikuwa inabaki imebanwa nusu. Nimechongewa nyingine na fundi wa mashine ya kukereza, sasa lida inatoka sawa pande zote, nimepima kwa rula tofauti ni milimita chache.

Kihedi kipo! Kidogo kabla ya bloki, nilikuwa nadhani ni roli iliyokwama. Nimekisafisha kwa spiriti na nimekiacha.

Pankeki ilikuwa imekaa upande sahihi, asante sauti_na_picha, nililinganisha na kaseti nzima kama ulivyosema. Kilichobaki ni kaunta. Nimejaza ya mita 45 nikitegemea kama dakika 32 za PAL, deki imesimama kwenye dakika 31 na sekunde 20. Nimepima mara tatu jibu ni lile lile.

sauti_na_picha:

Mita 45 kwa mwendo ule inatakiwa dakika 32 na sekunde 4 hivi. Umekosa sekunde 44, ni mita moja na sentimita tatu, yaani kama asilimia 2.3. Kwa kuwa kosa halibadiliki roli imechakaa, haitelezi, ingekuwa inateleza kila kaseti ingekupa jibu lake. Pima kipenyo cha roli kwa kalipa katikati inapopita tepu, halafu pima pembeni pasipoguswa na tepu, utaona bonde. Mpaka utakapopata roli nyingine wewe andika 46.1 kwenye kaunta kila unapotaka 45.

rili_ya_kushoto:

Nimepima sasa hivi. Bonde lipo, hata kwa ukucha unalisikia. Naweka 46.1, kesho najaza boksi la kwanza la vijana wa kamera.

binti_wa_mkanda:

Na mimi nimemaliza kipande cha kwanza. Mama kasimama mlangoni na shada la maua, bibi yuko nyuma yake anamshika shela. Sauti ipo. Kesho nafungua ganda la pili.